Mawe ya Mrauk U na Washairi Waliofutwa

Upande wa magharibi wa Myanmar, katika jimbo la Rakhine ambalo zamani likiitwa Arakan, uko mji wa Mrauk U. Tangu mwaka 1430 hadi mwisho wa 1784 mji huu ulikuwa makao ya wafalme. Vyombo vya bahari viliufikia kwa mito na mifereji, na wageni wa Ulaya waliouona katika karne ya 17 waliandika habari zake kwa mshangao. Leo ni mji mdogo. Wafalme hawapo, na kasri lao limebaki kuta za msingi tu. Lakini mahekalu ya Kibudha waliyoyajenga yangaliko kwa mamia, juu ya vilima na kandokando ya mashamba ya mpunga, na wanakijiji huchunga mifugo na kulima mboga chini ya kuta zake.

Warakhine, ambao wengi wao ni Wabudha, wanauita mji huu moyo wa taifa lao. Hapana wa kuwanyima haki hiyo, kwani mababu zao ndio waliochonga mawe yale na wao wenyewe ndio wanaowasha mishumaa ndani yake hadi leo. Linalopasa kupingwa, na kupingwa kwa sauti, ni neno linaloongezwa baada ya hapo: kwamba mji huo ni wao peke yao, kwamba Mwislamu aliyewahi kukanyaga ardhi ya Arakan ni mgeni aliyeletwa na Waingereza, kwamba kumwondoa ni kurudisha mambo yalivyokuwa. Neno hilo limesemwa na majenerali, likarudiwa na baadhi ya watawa, likafundishwa kama historia. Ni uongo, na ushahidi wa uongo wake umo katika mji wenyewe.

Huenda msomaji wa mwambao akauliza mahekalu ya Wabudha yanamhusu nini. Mwengine, kwa machungu ya yale waliyofanyiwa Warohingya mwaka 2017, ataongeza kwamba mahekalu hayo na yabomoke pamoja na wenyewe. Ghadhabu hiyo inafahamika, ila imekosea njia. Anayeyatukana mahekalu ya Mrauk U anamsaidia yule yule aliyewafukuza Waislamu, kwani anaikubali hoja yake ya msingi: kwamba mji ule ni wa kundi moja, na kundi jengine halina chake ndani. Mwenye kutaka kumtetea Mrohingya hana budi kuyapenda mahekalu hayo, au kwa uchache kuyajua.

Na ijulikane kwanza ni majengo ya namna gani. Mashuhuri kuliko yote ni Shitthaung, ambalo jina lake lina maana ya sanamu elfu themanini. Lilijengwa na mfalme Min Bin karibu mwaka 1535, na masimulizi yanalihusisha na ushindi wake dhidi ya Wareno walioushambulia mji. Kwa mbali linafanana zaidi na ngome kuliko nyumba ya ibada: kuta nene za mawe, na juu yake vinara vya duara vilivyosongamana. Ndani mna njia za giza zinazouzunguka ukumbi wa kati, na kuta zake zimechongwa safu juu ya safu: wacheza ngoma, wapigana mieleka, ndovu, ndege, waungwana na watumishi wao. Mwanawe Min Bin, Dikkha, akataka kumpita babake. Akajenga Koethaung, hekalu la sanamu elfu tisini. Mwaka 1571 likafuata Htukkanthein, ambalo njia yake ya ndani huzunguka na kupanda gizani, na kutani mmekaa wanawake wa mawe wenye vitawi vya yungiyungi mikononi, kila mmoja na msuko wake wa nywele. Ndani ya kila shimo la ukuta mna sanamu ya Budha. Anayetembea humo kwa taa ndogo huona nyuso zikitokea moja baada ya nyengine, kisha zikirudi kizani.

Karibu na mlango wa Shitthaung imesimama nguzo ya mawe iliyolitangulia hekalu kwa karne nyingi. Inasemekana Min Bin ndiye aliyeileta kutoka mji mkuu wa kale wa Wethali. Juu yake mna maandishi ya Kisanskriti ya karne ya 8 yanayomsifu mfalme Anandachandra na kuwaorodhesha waliomtangulia. Wapenzi wa ushairi watafurahi kujua kwamba maandishi hayo yamepangwa kwa beti. Kumbukumbu kongwe ya wafalme wa Arakan ni utungo wa sifa, na mfalme wa karne ya 16 aliona kwamba hekalu lake jipya halitakamilika bila ya utungo wa zamani kando yake, ingawa umeandikwa kwa lugha ambayo raia zake hawakuwa wakiizungumza. Huyo ndiye mwanzo wa mji huu: mtu asiyeogopa hati ya watu wengine mlangoni kwake.

Ama kuhusu kuzaliwa kwa mji, masimulizi ya Warakhine wenyewe ndiyo yanayotoa ushahidi. Mfalme Min Saw Mon alipokonywa ufalme na jeshi la Burma mwaka 1406, akakimbilia Bengal, kwenye himaya ya masultani wa Kiislamu. Alikaa huko zaidi ya miaka ishirini. Aliporudi, alirudi kwa msaada wa askari wa sultani, na mwaka 1430 akaweka msingi wa makao mapya. Alijenga hekalu la Kibudha, Le-myet-hna, ambalo lipo hadi leo. Na wafuasi wake wa Kiislamu wananasibishwa na msikiti wa mawe ulioitwa Santikan, ambao mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu wa mambo ya kale Emil Forchhammer, aliyekuwa akiifanyia kazi serikali ya Kiingereza, aliuona na kuuandika katika ripoti yake. Ikiwa masimulizi hayo yanaaminika yanapomsifu mwanzilishi, basi yaaminiwe pia yanapowataja waliomsindikiza. Hapana ruhusa ya kuukata ukurasa mmoja vipande viwili na kutupa kile kisichopendeza.

Kisha kuna sarafu. Wafalme kadhaa wa Mrauk U, katika karne ya 16 na mwanzoni mwa ya 17, walijiita kwa majina mawili: la Kirakhine na la Kiislamu. Min Phalaung alikuwa Sikandar Shah. Mwanawe Min Razagyi alikuwa Salim Shah. Mjukuu, Min Khamaung, alikuwa Husain Shah. Fedha walizozifua zilikuwa na hati tatu: ya Kirakhine, ya Kiajemi, na ya Kibengali. Hapa yapasa kusema kweli yote, hata ile isiyoisaidia hoja. Arakan wakati huo ilikuwa imeishika bandari ya Chittagong, na sarafu nyingi zilikusudiwa soko la huko. Lakini hata hivyo, mfalme aliyeona aibu kuwa na raia Waislamu asingejiita Salim Shah mbele yao.

Lakini sarafu hizo hizo ndizo zinazowatia hatarini watetezi wa upande wa pili. Wapo Waislamu wanaoziinua juu na kudai kwamba Arakan ilikuwa sultanati, na kwamba wafalme wake walisilimu. Hilo nalo ni uongo, na ni uongo unaoonekana kwa macho. Hekalu la Htukkanthein, lile lenye njia ya kizani na wanawake wa yungiyungi, lilijengwa na Min Phalaung, naye ndiye Sikandar Shah. Mtu huyo huyo akajenga mwaka 1591 maktaba ya kuhifadhia vitabu vya dini ya Kibudha, jengo dogo la mawe lililonakshiwa nje kama kasha la vito. Jina la Kiislamu halikumtoa katika dini yake, na dini yake haikumkataza kuchukua jina hilo. Anayemtaka Sikandar Shah awe Mwislamu anambomolea hekalu lake; anayemtaka Min Phalaung asiwe Sikandar Shah anayeyusha fedha yake. Wote wawili wanafanya kazi moja.

Yote haya, hata hivyo, mbishi aweza kuyajibu. Atasema askari walikuwa wa kukodi, sarafu zilikuwa za biashara, majina yalikuwa mapambo. Kwa mbishi wa namna hiyo kuna ushahidi mwengine, nao ndio uliopuuzwa zaidi kwa sababu haushikiki kwa mkono. Ni ushairi.

Katika karne ya 17, ndani ya mji huu wa mahekalu, walikuwako mawaziri na maamiri Waislamu wa mfalme wa Kibudha, na katika majumba yao kulisomwa na kutungwa mashairi ya Kibengali ambayo leo yanahesabiwa miongoni mwa hazina za lugha hiyo. Daulat Qazi alitunga chini ya hisani ya Ashraf Khan, waziri wa majeshi wa mfalme Thiri Thudhamma aliyetawala tangu 1622 hadi 1638. Alianza kisa cha Sati Mayna na Lor Chandrani, akafa kabla ya kukimaliza. Aliyekimaliza, mwaka 1659, ni mshairi mkubwa zaidi yake, naye ni Alaol.

Maisha ya Alaol, kama alivyoyaeleza mwenyewe katika dibaji za tungo zake, yangetosha kuwa utenzi. Alizaliwa Bengal mwanzoni mwa karne ya 17, katika nyumba ya mtu mwenye cheo. Akisafiri kwa chombo pamoja na babake, walishambuliwa na maharamia wa Kireno. Baba akauawa, mwana akaishia Arakan, akaingia katika askari wa farasi. Habari za elimu yake zikafika kwa wakubwa. Magan Thakur, Mwislamu aliyekuwa na daraja ya juu katika baraza, akamtaka akitie katika Kibengali kisa cha Padmavat, ambacho Malik Muhammad Jayasi alikuwa amekitunga kwa Kiawadhi mwaka 1540. Alaol akakitia. Basi na itazamwe kazi hiyo ilivyo: kisa cha malkia wa Kihindu, kilichotungwa kwanza na Sufi wa Kiislamu, kikafasiriwa na mateka, kwa ombi la waziri Mwislamu, katika mji wa mfalme wa Kibudha, kwa lugha ambayo leo watawala wa nchi hiyo wanaihesabu kuwa ni alama ya ugeni.

Hakuishia hapo. Alitia katika Kibengali kisa cha Saiful Muluk na Badiuzzamal, ambacho kimo katika Alfu Lela Ulela ya Kiarabu, na akazigeuza kazi za Nizami wa Uajemi, ikiwamo ile ya Iskandar. Katika kuusifu mji aliokuwa akiishi, ambao washairi wa Kibengali waliuita Rosang, aliwataja wageni waliokusanyika chini ya kivuli cha mfalme wake: Waarabu, Wamisri, watu wa Sham, Waturuki, Warumi, Wahabeshi, Wakhorasani na wengineo. Neno Habeshi halikuwekwa pale kwa ajili ya kutimiza vina tu. Katika bandari za Bara Hindi ndilo jina walilopewa watu waliotoka upande wa Afrika, na kwa hiyo mwenyeji wa bahari hii hii, wa pwani yake ya magharibi, ana nafasi katika orodha ya mshairi wa Mrauk U. Na mwenye shaka juu ya mchanganyiko huo amsome mtawa Sebastião Manrique, aliyeishi mjini hapo katika miaka ya 1630 na kuona kwamba miongoni mwa walinzi wa mfalme walikuwamo hata Wajapani.

Isifahamike kwamba Mrauk U ulikuwa pepo ya mapenzi na kuvumiliana. Wanaoandika hivyo hufanya dhambi nyengine, ya kuosha damu kwa marashi. Utajiri wa mji uliokea kwa kiasi kikubwa katika utekaji. Maharamia wa Kirakhine na wa Kireno waliingia mito ya Bengal wakiwakamata wanakijiji, wakiwaleta kulima mashamba ya Arakan au wakiwauza. Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki ilinunua mchele na watumwa hapo na kuwapeleka Batavia. Waislamu wengi wa Arakan ya wakati ule ni kizazi cha watu waliofika kwa kamba shingoni. Mwambao wa Afrika Mashariki unajua vyema habari za namna hiyo, wala hauna ruhusa ya kujifanya hauzijui. Alaol mwenyewe hakusalimika. Mwaka 1660 Shah Shuja, mwana wa mfalme wa Mughal aliyeshindwa katika vita vya kurithi, alikimbilia Mrauk U. Mwaka uliofuata akagombana na mfalme Sanda Thudhamma, akauawa. Waislamu wa mjini wakatiliwa shaka, na mshairi akasingiziwa na kutiwa kifungoni. Alipotoka aliishi kwa dhiki, ila aliendelea kutunga, na aliendelea kutungia pale pale.

Hoja basi haisemi kwamba zamani watu walipendana. Inasema kwamba walikuwapo. Walikuwapo wakitekwa, wakiuzwa, wakipewa vyeo, wakifungwa, wakijenga msikiti, wakiandika vitabu. Haki ya mtu kuwa mwenyeji haitegemei wema aliotendewa na mababu wa jirani yake. Mtumwa aliyelima shamba la mpunga vizazi vitano ana haki na ardhi hiyo zaidi ya bwana aliyeikagua mara moja kwa mwaka juu ya ndovu.

Ufalme ukaanguka. Mwaka 1666 jeshi la Mughal likaichukua Chittagong, na biashara ikanyauka. Mwisho wa 1784 jeshi la Burma likavuka milima, likauteka mji, likachukua maelfu ya mateka, na likaiondoa sanamu kuu ya Mahamuni, iliyokuwa roho ya ibada ya Arakan, na kuipeleka Amarapura. Leo imo katika hekalu lake mjini Mandalay. Warakhine hawajasahau, na haistahiki wasahau. Baadaye, mwaka 1826, Waingereza wakaichukua nchi na kuhamishia makao Sittwe. Chini yao wafanyakazi wengi waliingia kutoka Bengal. Hilo ni kweli, na mtetezi mwaminifu hulikiri. Lakini mwaka 1799, robo karne kabla ya bendera ya Kiingereza kupandishwa Arakan, daktari Francis Buchanan aliandika kwamba wako Waislamu waliokaa Arakan kwa muda mrefu, nao hujiita Rooinga. Basi wale walioingia baadaye waliwakuta wenziwao.

Sheria ya uraia ya Burma ya mwaka 1982 iliweka mwaka 1823 kuwa mpaka: raia kamili ni mtu wa kabila lililokuwa limeshakaa nchini kabla ya hapo. Mpaka huo ungetosha kabisa kuwaingiza watu wa Alaol na wa Buchanan. Ila serikali ndiyo iliyoshika kalamu ya kuamua kabila lipi lilikuwako, na katika orodha ya makabila 135 inayotambuliwa jina la Warohingya halimo. Huu ndio ufundi wa kufuta: kwanza kuweka sharti la haki, kisha kumkabidhi mwizi mizani.

Kinachofutwa katika karatasi hufutwa baadaye katika vijiji. Oktoba 2012, katika kijiji cha Yan Thei, ambacho kimo katika wilaya ya Mrauk U yenyewe, Waislamu wapatao 70 waliuawa kwa siku moja, na watoto wengi walikuwamo. Mwaka 2017 jeshi liliwafukuza Warohingya zaidi ya laki saba kutoka kaskazini mwa jimbo, wakavuka kuingia Bangladesh, ambako wengi wao wamebaki katika kambi. Wanaishi karibu na Chittagong, katika nchi iliyowahi kutawaliwa na Salim Shah, na lugha wanayosemeshana ni jamaa ya lugha ya Alaol. Historia ya Mrauk U imewafuata hadi kambini, lakini mji wenyewe wamefungiwa.

Je, dola iliyowafukuza Waislamu kwa jina la kuilinda Arakan ya Kibudha, imewalinda Wabudha wa Arakan? Haikuwalinda. Mwaka 2010 serikali ya kijeshi ilipitisha njia ya reli katikati ya eneo la makumbusho ya Mrauk U, ikachimba na kuharibu masalio ya kale huku wenyeji wakilalamika. Hekalu la Koethaung lilijengwa upya kwa namna iliyoacha saruji nyingi mahali palipokuwa na mawe. Na Januari 16, 2018, Warakhine walipokusanyika Mrauk U kuadhimisha kuanguka kwa ufalme wao, na serikali ikawakatalia, polisi walifyatua risasi na watu saba wakafa. Hao hawakuwa Waislamu. Walikuwa Wabudha waliotaka kuukumbuka msiba wao katika mji wao. Mwenye kumfunga mdomo Alaol amemfunga na mjukuu wa Min Bin, kwa kitambaa kile kile.

Hapa ndipo hoja inapofika penye moto wake. Februari 2024 Jeshi la Arakan, ambalo ni la Warakhine, liliuteka Mrauk U kutoka kwa jeshi la serikali. Kwa mara ya kwanza tangu 1784 nguvu ya kuamua mambo ya mji huo ikawa mikononi mwa wana wa Arakan, na ushindi huo una utamu wake ambao mtu aliyewahi kutawaliwa hawezi kuubeza. Lakini Mei ya mwaka huo huo nyumba nyingi za Warohingya wa mji wa Buthidaung ziliteketezwa kwa moto. Walionusurika waliwataja wapiganaji wa jeshi hilo, nalo likakanusha. Ushindi unaoanza kwa mashitaka ya namna hiyo unadaiwa jawabu. Je, mabwana wapya wataufungua mji wa Min Phalaung, au wataufunga mji wa majenerali kwa kufuli jipya?

Kuna mambo ambayo hayagharimu fedha nyingi, na kwayo jawabu litajulikana. Sarafu zenye hati tatu zionyeshwe na kusomwa zote tatu, mbele ya watoto wa skuli, bila ya kuruka hata moja. Nguzo ya Anandachandra isielezwe kama jiwe la kale tu, ielezwe kama shairi. Mwongoza wageni anayesimama juu ya kilima cha Shitthaung na kutaja mwaka wa kila hekalu, ataje pia kwamba chini ya kilima hicho Padmavati ilitungwa. Mahali paliposimama msikiti wa Santikan patiwe alama. Na lililo kubwa kuliko yote: watu wa Yan Thei, wa Buthidaung na wa kambi za Bangladesh warudi majumbani mwao wakiwa raia. Bila ya hilo la mwisho, mengine yote ni maonyesho ya vitu vya marehemu.

Upande wa pili nao una deni lake. Mwislamu anayemtetea Mrohingya aache kuwageuza wafalme wa Kibudha kuwa masultani. Aseme wazi kwamba mahekalu yale ni mazuri, kwamba yana wenyewe, na kwamba Alaol hakuona dhambi kumsifu mfalme aliyekuwa akisujudu humo. Mshairi yule alijua dini yake, na katika tungo zake alianza kwa kumhimidi Mungu kabla ya kumtaja mfalme. Hakuhitaji mfalme asilimu ili mji uwe wake.

Kwa wapenzi wa ushairi wa mwambao, jambo hili si geni. Masultani wa Kilwa walifua sarafu zenye maneno ya Kiarabu yaliyotiwa vina, na Wareno waliomuulia Alaol babake ni wa taifa lile lile lililoanza kuijenga ngome ya Mombasa mwaka 1593. Bahari ni moja, na tabia zake ni zile zile: huleta mtu kwa hiari au kwa nguvu, humtia katika mji usio wake, na baada ya vizazi viwili mji huo unaimba kwa sauti yake. Kila mji wa bahari una Alaol wake, na kila mji wa bahari una mtu anayengoja siku ya kumwambia Alaol huyo arudi alikotoka.

Mvua za Arakan ni kali, na mawe ya mchanga ya Mrauk U yanalika mwaka hadi mwaka. Nyuso za sanamu nyingi zimeshakuwa laini bila ya pua wala macho. Iko siku yatakwisha, hata yakilindwa vipi. Siku hiyo, atakayetaka kujua mji ule ulionekanaje ulipokuwa hai, wenye farasi, mashua, maakida, mateka na wageni wa kila rangi, atalazimika kufungua kitabu cha Kibengali cha mtu aliyefika hapo yatima, na ambaye watu wa lugha yake wamekatazwa kuingia.